Mali Bila Daftari: Historia ya Kijiji Nayo Tuiandike



Hakuna kikundi kisichoijua methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo sababu tuna mweka hazina, tuna risiti, tuna kitabu cha mahudhurio, na mtu akichelewesha mchango wa shilingi hamsini jina lake huandikwa. Lakini kuna mali moja ambayo vikundi vingi havina daftari lake. Mali hiyo ni habari za mahali tunapoishi. Nani walifika hapa kwanza? Walitoka wapi? Kijito kile kilipewa jina na nani? Shule ilijengwa kwa michango ya akina nani, na ardhi yake ilitolewa na nani?

Angalieni mambo yanavyokwenda mazishini. Historia ya marehemu inasomwa. Inakadiriwa alizaliwa mwaka wa 1935. Jina la baba, jina la mama, watoto, wajukuu, vitukuu. Miaka tisini imekwisha kwa dakika tano. Halafu mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe anasema polepole, "Huyu ndiye aliyekuwa akijua mambo ya ile chemchemi." Basi tena. Aliyekuwa akijua tumemzika, na daftari hakuna.

Katika makala haya tunaeleza jinsi kikundi cha kijijini kinavyoweza kutumia vitabu kutafuta historia ya mahali pake na asili ya jamaa zake. Tutasema jambo moja kubwa, na tunaomba mlishike: kitabu na mzee wanahitajiana. Kitabu kina miaka na majina ambayo mzee amesahau. Mzee anajua mambo ambayo mwandishi wa kitabu hakuambiwa, au aliambiwa akayaacha. Kikundi kinachowakutanisha hawa wawili ndicho kitakachopata habari ya kweli.

KWA NINI KIKUNDI KISHUGHULIKE?

Mtu anaweza kuuliza, "Sisi tuna shida ya maji na karo, historia itatupa unga?" Ni swali la haki. Yako majibu matatu.

Kwanza, historia hulinda haki. Wamakonde wa Kwale wazee wao walitoka Msumbiji, wengi wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Waliishi Kenya miaka mingi sana bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Mtu anayedai haki ya namna hiyo huulizwa maswali: Mlikuja lini? Nani aliwaleta? Mmekaa wapi? Asiye na majibu hurudishwa nyumbani.

Pili, historia husaidia kupanga maendeleo. Kikundi kinachotaka kuchimba kisima kingefaa kujua ni wapi palikuwa na maji kabla msitu haujakatwa. Wazee wanajua, na mara nyingine taarifa za zamani za maofisa wa wilaya zimetaja.

Tatu, historia isiyojulikana hutumiwa na waongo. Hili tutalirudia mwishoni, maana ni zito.

MFANO: KENGELE YA KISAUNI

Hebu tuchukue mahali pamoja tuone jinsi vitabu vinavyofungua macho. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa ukielekea Kisauni, utasikia makondakta wa matatu wakiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Watu hushuka, hununua mboga, huenda zao. Ni wangapi wanaouliza hiyo kengele ni ya nini?

Kengele ilikuwako, na mnara wake umebaki pale njiani. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Aliyekuwa ametumwa kuzungumza naye ni Sir Bartle Frere. Baadaye manowari za Waingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa, likazuka swali: watu hawa wapelekwe wapi? Kwao ni mbali, na njiani wangekamatwa tena. Basi mwaka 1875 wamishonari wa Kanisa la Uingereza, wale wa CMS, walianzisha makao ya watu hao ng'ambo ya Mombasa. Wakayaita Freretown, kwa jina la yule bwana. Kengele ilipigwa kuwaita watu, na kuwaonya kukiwa na hatari ya washambuliaji.

Waliokaa pale walikuwa watu wa makabila mengi. Walikuwapo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Wengine walikuwa wamelelewa na wamishonari huko Nasik, India, baada ya kuokolewa baharini wakiwa wadogo, kisha wakaletwa pwani yetu kusaidia kazi. Majirani wakawaita wote Wamisheni.

Sasa, habari hizi tunazijuaje? Mmoja wa watoto wa jamii hiyo, James Mbotela, aliandika kitabu kwa Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Humo anaeleza jinsi watu wa pande za Ziwa Nyasa walivyokamatwa, walivyosafirishwa hadi pwani, walivyopakiwa majahazini, na jinsi maisha yalivyokuwa Freretown. Habari nyingi kati ya hizo hakuzitoa katika maktaba. Alizipata kwa wazee wake mwenyewe, waliopitia mambo hayo, akaziandika kabla hawajaisha. Fikirini kama asingeandika! Wakenya wengi wanalijua jina la Mbotela kwa sababu ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, yule wa kipindi cha redio cha Je, Huu ni Uungwana? Naye alizaliwa Freretown, katika jamii hiyo hiyo.

Tunayo methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Lakini ukisoma habari za Freretown unaanza kuigeuza methali hiyo mkononi. Watu wale hawakuacha asili yao kwa kupenda. Waling'olewa. Wengine walikamatwa wakiwa wadogo mno hata majina ya vijiji vyao hawakuyajua. Walipobatizwa wakapewa majina mapya. Mjukuu wa mtu kama huyo akitaka kujua ukoo wake, hana mbuyu wa kwenda kuutazama wala kaburi la babu wa babu. Kwake yeye kitabu ndicho mahali pa kuanzia.

KITABU KIMOJA HAKITOSHI

Mbotela aliandika wakati wa ukoloni, na kitabu chake kinawasifu sana Waingereza kwa kuwaokoa watumwa. Hatumlaumu. Baba zake waliokolewa kweli. Lakini mwaka 1990 mwanahistoria aitwaye Fred Morton alitoa kitabu kingine juu ya mambo hayo hayo, Children of Ham. Yeye alisoma barua na taarifa nyingi za wakati ule, akaonyesha upande mwingine. Watumwa wengi wa pwani walijikomboa wenyewe, kwa miguu yao. Walitoroka mashambani, wakajenga vijiji vyao vya siri bara kidogo, kama vile Fuladoyo, wakajilinda. Tena anaeleza kwamba hata ndani ya Freretown kuna nyakati watu walichapwa viboko na wale wale waliokuja kuwalea.

Wengine kati ya hao watoro walikimbilia misheni ya Rabai. Mabwana zao wakaja juu, wakitaka kuwarudisha kwa nguvu. Mwishowe George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipatana na wenye watumwa, wakalipwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wa Rabai na vituo vingine vya misheni walianza kupewa hati za uhuru, zaidi ya 1,400 kwa jumla. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Kwa hiyo mtu wa pwani mwenye miaka themanini leo, huenda bibi yake alizaliwa utumwa ukiwa bado halali. Si mambo ya kale sana hayo.

Mnaona, basi? Mbotela peke yake atakufanya udhani watumwa walingoja tu kuokolewa. Morton peke yake hatakupa sauti ya mtoto wa Freretown akisimulia ya wazee wake. Wasome wote wawili, kisha nenda ukakae na wazee wa Kisauni na Rabai na kuwauliza: Shamba la misheni lilifika wapi? Nani wamezikwa katika makaburi ya zamani? Kuna neno gani la Kiyao au la Kinyasa ambalo bibi alikuwa akilitumia jikoni? Hayo hayako katika kitabu chochote.

VITABU VYENYEWE VILITOKA KWA WAZEE

Kuna watu wanaokiogopa kitabu kana kwamba kilishuka kutoka mbinguni. Kumbukeni kwamba vitabu vingi juu ya nchi yetu vilianza kwa mgeni kumwuliza mwenyeji.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafa. Mwaka 1846 Johannes Rebmann akaja kuungana naye, na wazee wa Rabai wakawakubalia wakae kwao. Mwaka 1849 Krapf alikuwa Ukambani, pande za Kitui, nyumbani kwa mfanyabiashara mkubwa aliyeitwa Kivoi. Huko ndiko alikouona mlima wenye theluji, na jina aliloliandika ni lile alilolisikia kwa Wakamba. Kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Mwaka 1920 nchi nzima ikaitwa koloni la Kenya. Basi jina lililoandikwa katika kitambulisho chako liliingia vitabuni kutoka kinywani mwa watu wa Kitui. Krapf ndiye anayetajwa shuleni, lakini bila wenyeji wale asingekuwa na la kuandika.

Baada ya uhuru wanahistoria wetu wenyewe walifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Walizunguka vijijini miaka ya 1960 na 1970, wakakaa na wazee, wakalinganisha masimulizi ya ukoo mmoja na mwingine. Wazee wale karibu wote wamekwisha kufariki. Maneno yao yamebaki katika vitabu hivyo, na huenda babu wa mmoja wenu ni miongoni mwa waliohojiwa.

VITABU GANI VINAHUSU KWETU?

Hapa tunataja vichache. Vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo kikundi kitafute mwalimu au kijana aliyemaliza sekondari awasomee na kuwafasiria.

Kwa watu wa Nyanza, Profesa Bethwell Ogot aliandika History of the Southern Luo, mwaka 1967. Kabla yake, mwaka 1938, Paul Mboya, aliyekuwa chifu, alikuwa ametoa kitabu cha mila na desturi kwa Kijaluo, Luo Kitgi gi Timbegi. Kwa Wagusii kuna kitabu cha William Ochieng' cha mwaka 1974.

Kwa watu wa Magharibi, Gideon Were aliandika A History of the Abaluyia of Western Kenya, mwaka 1967. John Osogo naye alikuwa ametoa chake juu ya Waluhya mwaka mmoja kabla.

Kwa Mlima Kenya, kuna Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta, cha mwaka 1938, na A History of the Kikuyu 1500–1900 cha Godfrey Muriuki, cha mwaka 1974. Kwa Embu na Mbeere kuna kitabu cha H. S. K. Mwaniki cha mwaka 1973.

Kwa Wakipsigis kuna kitabu cha Henry Mwanzi cha mwaka 1977.

Kwa Mijikenda, kuna The Kaya Complex cha Thomas Spear, cha mwaka 1978. Spear alihoji wazee wengi, akakubaliana nao kwamba Mijikenda walitoka Singwaya, upande wa kaskazini. Lakini Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya Mombasa na Mijikenda, alilitilia shaka jambo hilo. Anaonyesha kwamba hata jina lenyewe Mijikenda lilianza kushika miaka ya 1930 na 1940 tu. Wasomi wawili wanapingana, na wazee wa kaya nao wana neno lao. Kikundi kisiogope mambo kama haya. Jadilianeni. Misitu ya kaya yenyewe, zikiwemo za Rabai, iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kwa hiyo mnaweza kusoma kitabu asubuhi na jioni mkaenda kuonyeshwa mahali penyewe na wazee.

Msisahau hadithi za kutunga. The Promised Land cha Grace Ogot, cha mwaka 1966, kinasimulia Wajaluo waliohama kutoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Watu waliotajwa ni wa kubuni, lakini uhamaji wa namna hiyo ulikuwako. Kitabu kama hicho kikisomwa kwa sauti katika mkutano, utasikia mama mmoja akisema, "Na sisi shangazi yetu alikwenda hivyo hivyo." Hapo mmepata pa kuanzia.

VITABU VISIVYOUZWA DUKANI

Kuna vitabu vingine vyenye faida kubwa ambavyo hamtavikuta dukani.

Rejista za kanisa. Parishi za zamani zina vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Humo mna jina la mtu, majina ya wazazi, tarehe, mara nyingi na kijiji. Ombeni ruhusa kwa kasisi, vitabu visitolewe nje, na mikono iwe safi na mikavu. Mjue pia kwamba tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa, na kwamba karani wa zamani aliandika majina yetu jinsi sikio lake lilivyosikia. Jina moja laweza kuandikwa namna tatu.

Nyaraka za Taifa. Makao yake makuu yako Nairobi, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki zamani. Pana taarifa za kila mwaka za wilaya tangu enzi za ukoloni: njaa, masoko, machifu, barabara, kesi za mipaka. Kuna na matawi mikoani, kama Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri. Kabla ya kwenda, ulizeni ada na saa za kazi, na mbebe vitambulisho.

Ripoti ya Tume ya Carter. Serikali ya kikoloni iliteua tume hii mwaka 1932 kuchunguza mambo ya ardhi. Mbali na ripoti, ushahidi uliotolewa mbele ya tume ulichapishwa katika juzuu tatu. Humo mna maneno ya wazee wa sehemu nyingi waliosimama kusema ni ardhi gani walinyang'anywa. Tume haikuwarudishia sehemu kubwa ya waliyodai, lakini maneno yao yapo, kwa majina.

Vitabu hivi vyote visomwe kwa maswali matatu: Nani aliandika? Aliandika lini? Alitaka kumridhisha nani? Ofisa aliyeandika kwamba watu wa mahali fulani ni wavivu, huenda alikuwa amewataka wakafanye kazi katika shamba la mzungu wakakataa. Ushahidi wa ardhi nao ulitolewa na watu waliotaka kushinda kesi.

JINSI YA KUANZA

1. Chagueni watu wanne. Mmoja awe anasoma Kiingereza, mmoja awe na mwandiko mzuri, mmoja awe mzee anayeheshimiwa, na mmoja awe mama anayejua kuingia kila boma. Mambo mengi ya ukoo yako kwa akina mama, na waandishi wa zamani mara nyingi waliwahoji wanaume tu.

2. Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu. Liwe la kikundi, si la mtu. Likae pamoja na daftari la fedha.

3. Chagueni swali moja dogo. Msianze na historia ya kabila zima. Anzeni na soko, au shule, au jina la mto.

4. Tafuteni kitabu kimoja. Jaribuni maktaba ya umma, maktaba ya shule ya sekondari, au ya parishi. Kama hakipatikani, mwombeni mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu awatafutie kurasa zinazohusu kwenu tu.

5. Msomeeni mzee kurasa hizo. Msimwulize "Tueleze historia", maana atachoka na hatajua aanzie wapi. Msomeeni kilichoandikwa, kisha nyamazeni. Akisema "Huyo amekosea," ndipo kazi imeanza. Simu ya mmoja wenu yaweza kurekodi sauti yake, lakini mwombeni ruhusa kwanza.

6. Tafuteni miaka kwa matukio. Mzee huenda hajui mwaka, lakini anajua alikuwa akichunga mbuzi wakati wa mafuriko makubwa. Mafuriko hayo ni ya 1961. Akisema baba yake alizaliwa wakati Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kupinga Waingereza, hiyo ni 1913 na 1914. Vita vya Kariakoo ni 1914 hadi 1918. Njaa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Kwa Wagikuyu tazameni majina ya riika, kwa Wakipsigis ibinda. Vitabu tulivyotaja vitasaidia kulinganisha.

7. Andikeni pande zote mbili. Koo mbili zikitofautiana, andikeni zote na majina ya waliosema. Daftari lisiwe hakimu.

8. Mwisho wa mwaka, someni mliyoyaandika mbele ya baraza au baada ya ibada, watu wasahihishe. Kisha fanyeni nakala mbili, moja ikae shuleni na nyingine kanisani. Nyumba moja ikiungua, habari zisiungue zote.

TAHADHARI: HISTORIA ISIWE PANGA

Sasa lile zito tuliloahidi. Nchi yetu imeona jinsi maneno "sisi ndio wa kwanza hapa" yanavyoweza kuua. Tuliona Bonde la Ufa mwaka 1992. Tuliona Likoni mwaka 1997. Tuliona baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakalala kambini. Kila mara palikuwa na mtu aliyewaambia vijana hadithi fupi ya historia, nusu yake kweli, na vijana hawakuwa wamesoma chochote cha kumjibu.

Mtu akisoma vitabu tulivyotaja kwa utulivu ataona jambo moja linajirudia: karibu kila ukoo ulitoka mahali pengine. Wajaluo waliteremka kutoka kaskazini. Koo nyingi za Waluhya zina masimulizi ya kutoka pande za Uganda. Wagikuyu waliwakuta watu wengine misituni. Wamisheni waliletwa na meli. Tena karibu kila mahali mgeni alipokelewa, akapewa mahali pa kulima, akaoa, na wajukuu wake leo ndio wanaojiita wenyeji. Kweli dhuluma zilikuwako, na ziandikwe bila kuficha. Aliyedhulumiwa ana haki ya kwenda mahakamani na ushahidi wake mkononi. Lakini daftari la kikundi likitumiwa kuhesabu nani aondoke kijijini, afadhali lisingaliandikwa.

Sisi Wakristo tuna mfano wetu. Injili ya Mathayo inaanza na orodha ya ukoo wa Yesu. Wengi tunairuka kwa sababu majina ni mengi. Isomeni tena mkutano ujao. Mtamkuta Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabi, wanawake wageni, ndani ya ukoo wa Mwokozi. Aliyeandika angeweza kuwaacha nje. Hakuwaacha. Na katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli walisimamisha mawe kumi na mawili ili siku moja watoto waulize maana yake, na wazazi wawe na jibu.

Kule Kisauni kondakta bado anaita "Kengeleni!" kila siku. Siku mtoto atakapouliza, pawe na mtu wa kumjibu, na daftari la kumwonyesha. Na kwenu je, mtoto ataulizia nini?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kijiji chetu kilipata jina lake wapi? Je, wote tunakubaliana?
2. Ni wazee gani watatu ambao tukichelewa mwaka mmoja huenda tusiwakute? Nani atakwenda kwao, na lini?
3. Kuna kitabu gani juu ya watu wetu? Nani kati yetu amekiona kwa macho?
4. Ni familia gani ilikuja hapa karibuni kuliko zote? Tumewahi kuwauliza habari zao?
5. Kuna jambo la zamani ambalo tunaogopa kulizungumza? Tunawezaje kuliandika bila kuumizana?